Venti za hewa kwenye ndege unayojijengea: anza na tundu la kutokea, venti yenyewe nunua mwisho

Wakuu, wengi wanaojenga ndege zao wakifika kwenye dashibodi wanafungua katalogi, wanaziona zile venti za alumini zilizochongwa kwa mashine, zinang'aa balaa, wanaagiza mbili au nne, halafu ndo wanaanza kujiuliza hewa yenyewe itaingilia wapi. Huo mpangilio ni kichwa chini miguu juu. Ile venti ya mviringo unayoizungusha kwa vidole ndo kitu cha mwisho kuchagua, na ukitaka ukweli ndo yenye uzito mdogo kuliko vyote. Kinachoamua kama utapata upepo au utaloa jasho ni tundu la kuingizia hewa lililoko nje, bomba linaloileta, na njia ya hewa kutokea, ambayo hiyo ndo inasahaulika kabisa.

Nitatumia mfano wa ndege za RV za Van's Aircraft, wale wa Aurora, Oregon kule Marekani, maana seti zao zimejengwa na watu wengi sana, zaidi ya elfu kumi zimesharuka, na matatizo yake ya hewa yanajulikana nje ndani. Chukulia RV-7 au RV-9, viti viwili ubavu kwa ubavu, bawa liko chini, juu kanopi ya kioo. Ukiwa unajenga Sling ya Johannesburg mambo ni yaleyale kwa sehemu kubwa, na wenye bawa juu kama Zenith CH 750 nitawagusia njiani.

Hatua ya 1: jua joto lako ni la aina gani

Mtu anayejenga ndege Alaska anahangaika na hita. Wewe unayetegemea kuruka Tanga, Mombasa, Pemba, Kilwa, shida yako nyingine, kanopi ya RV ni kioo kitupu kuanzia mbele mpaka mgongoni, jua la saa saba mchana likipiga pale ndani panachemka, na unyevu wa pwani ndo usiseme. Lakini ukishapanda hewa inapoa kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ukitoka Dar na nyuzi 32 ukifika futi 8,000 nje ni kama 16 hivi, na yule abiria aliyekuwa anajipepea na ramani sasa anaulizia kama kuna kanga ya kujifunika.

Maana yake venti yako ina kazi mbili zinazogombana: ipitishe hewa nyingi ukiwa chini na ifunge kabisa ukiwa juu. Anayerukia Wilson, Nairobi, uwanja ambao wenyewe uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hiyo ya kufunga ina uzito zaidi. Asubuhi ya mwezi wa saba pale na venti inayovuja ni adhabu.

Kitu kingine cha kukiweka kichwani mapema: presha inayosukuma hewa kuingia inakua kwa mraba wa spidi. Ukipanda kwa noti 80 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unapata robo tu ya presha unayoipata ukiwa unakata noti 160. Na ukiwa chini unajivuta kwenda ranwei karibu hakuna kitu, kwa hiyo usidanganywe, hakuna venti hata ya bei gani itakayokupoza ukiwa umesimama unasubiri ruhusa. Hapo dawa ni kanopi. Ile ya kuteleza nyuma unaiacha wazi, ile ya kuinuka unaiachia upenyo kadiri kitabu cha ndege yako kinavyoruhusu, propela inakupulizia bure, halafu unaifunga na kuikagua lachi kabla ya kuingia ranwei. Kuna wanaoweka feni ndogo za kompyuta za volti 12 juu ya dashibodi, sio mbaya, ila zinasaidia zaidi kutoa ukungu kwenye kioo na kupoza redio kuliko kumpoza binadamu.

Hatua ya 2: amua hewa itatokea wapi (hapa usiwe na haraka)

Nyumba yenye dirisha upande mmoja haipitishi upepo hata kaskazi ivume vipi, sharti kuwe na dirisha lingine upande wa pili. Kabini ndo hivyohivyo. Ukiingiza hewa kwa mabomba mawili na haina pa kutokea, presha ya ndani inapanda kidogo halafu mtiririko unakufa, venti zinapuliza kinyonge, na wewe unailaumu venti.

Sasa usikimbilie kutoboa. Kwanza elewa kwamba kabini yako tayari ina matundu kibao yanayofanya kazi bila ruhusa yako. Hewa inayopita juu ya mgongo wa kanopi inakimbia, presha yake inashuka, kwa hiyo inanyonya hewa ya ndani kupitia kila upenyo wa mpira wa kanopi. Kabini ikishanyonywa hivyo inabaki na presha ndogo, na yenyewe inaanza kuvuta hewa kutoka popote itakapoipata: yale matundu ya pembeni ambapo fimbo za aileroni (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia) zinaingia kwenye bawa, nafasi za flapu (zile zinazoshushwa nyuma ya bawa wakati wa kutua), na mkiani. Mkiani ndo nataka uangalie vizuri. Kule nyuma hewa ya nje imeshapunguza mbio na presha yake imerudi kupanda, kwa hiyo inaingia kupitia matundu ya elevata (kile kibawa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) na ya kebo za usukani wa mkia, inatembea KUELEKEA MBELE ndani ya mwili wa ndege, inatokea nyuma ya kiti chako. Ule ubaridi unaousikia shingoni kwenye RV nyingi chanzo chake ni hicho.

Ubaridi shingoni sio kesi. Kesi ni kwamba bomba la ekzosi linaishia chini ya tumbo, moshi unatambaa na tumbo la ndege mpaka mkiani, na ukifika pale unakuta mlango uko wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Mnamkumbuka Emiliano Sala, yule mshambuliaji aliyekuwa anatoka Nantes kwenda Cardiff tarehe 21 Januari 2019, Piper Malibu ikaanguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza, AAIB, walikuta asilimia 58 ya himoglobini yake, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, imeshikwa na kaboni monoksaidi, na ndege haikuwa na kipimo cha gesi hiyo chenye kengele ya kumshtua mtu. Ile ilikuwa ndege ya kiwandani, yenye vyeti vyake. Wewe unayejenga kwenye karakana ya nyumbani kila upenyo ni mali yako, hakuna kiwanda cha kukisingizia.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza ziba visivyotakiwa. Ukuta wa injini, lile bati linalotenganisha injini na miguu yako, kila waya na kila bomba linalopita pale lizibwe kwa silanti ya kuvumilia moto. Fimbo za aileroni zivalishwe vile visoksi vya kitambaa au ngozi laini, ukijua kushona unashona mwenyewe, mradi visikaze wala kukwamisha fimbo mpaka mwisho wa mwendo wake pande zote mbili. Ukuta wa nyuma ya mizigo uzibwe kingo zote. Mpira wa kanopi ukae sawa. Ukishamaliza hayo ndo uulize kama bado unahitaji tundu la kutokea, kwa sababu RV nyingi ukingo wa nyuma wa kanopi unavuja kiasi cha kutosha na hauhitaji kukata bati lolote.

Ukiona unahitaji, weka pale ambapo presha ya nje ni ndogo, ubavuni juu ya bawa panafaa kwenye ndege nyingi za bawa chini, mdomo wa tundu uangalie nyuma. Tumboni mimi simshauri mtu. Najua ndege zipo zenye tundu tumboni na hazina shida, lakini ni njia ileile ya moshi, na siku presha ikibadilika kwa sababu umeteremsha flapu au unaruka kwa ubavu, tundu la kutokea linakuwa la kuingilia. Ukubwa wake anza na eneo linalolingana na jumla ya maingilio yako, ila weka kibati cha kuteleza ili uweze kulipunguza. Likiwa kubwa mno unaishusha tena presha ya kabini na unarudi kulekule kuvuta hewa ya mkiani. Unachotaka ni kabini iwe na presha kidogo ya ziada, hewa isukumwe kutoka ndani kwenda nje, sio kinyume.

Na kipimo cha kaboni monoksaidi nunua sasa hivi, usingoje ndege iishe. Kile cha kielektroniki chenye namba na kelele, sio ile kadi yenye doa la kubadilika rangi, maana doa halipigi kelele na ukishaanza kulewa gesi hutaliangalia. Kanuni za Marekani za ndege ndogo za kiwandani ziliweka kikomo cha sehemu 1 katika 20,000 za hewa, yaani ppm 50 (sehemu 50 katika milioni). Ndege yako ya kujijengea haibanwi na hiyo lakini ni namba nzuri ya kuanzia, na kwangu mimi ppm 50 tayari ni nyingi. Namba ikianza tu kupanda ujue kuna mahali hujaziba.

Hatua ya 3: chagua tundu la kuingizia

Lile tundu lililozama kwenye bati, umbo la pembetatu yenye kiuno, linaitwa NACA kwa sababu wahandisi wa NACA, shirika ambalo mwaka 1958 liligeuka kuwa NASA, walilifanyia majaribio maabara ya Ames, California na kutoa ripoti yake 1945. Nia yao ilikuwa kulishia hewa injini za jeti, huko halikushika sana, lakini kwa hewa ya kupoza limeenea kila mahali mpaka kwenye magari, Ferrari F40 imejaa matundu hayo.

Siri yake iko kwenye umbo. Sakafu inashuka taratibu, kama nyuzi 7 hivi, na kuta za pembeni zinapanuka kwa mkunjo zikiwa na kingo kali juu. Zile kingo kali zinazungusha hewa, na huo mzunguko unasukuma pembeni ile hewa chovu inayoburuzika na bati, ili hewa yenye nguvu iingie. Ndo maana mtu akiona kingo zile akazilainisha kwa msasa ili zipendeze ameua kazi yote. Mahali pa kulainisha ni mdomo wa nyuma, ule unaokata hewa, huo unatakiwa uwe mnene wa duara kama ukingo wa mbele wa bawa. Na ncha nyembamba inaangalia mbele. Usicheke, zipo zilizofungwa kinyume.

Kwa kuwa linategemea hewa isiyochoka, weka mbele kadiri unavyoweza. Kwenye RV za viti viwili ubavu kwa ubavu seti inakuja na kipande cha plastiki kinachobandikwa kwa ndani ubavuni mbele, chini ya kioo, na bati linakuwa na tundu la umbo lake. Hapo panafaa, paache hapohapo. Usilipeleke juu karibu na pale kioo cha mbele kinapozungukia pembeni, maana hewa inakimbia sana pale na presha ni ndogo, unaweza kuishia na tundu linalonyonya badala ya kupuliza. Usiliweke nyuma ya bomba la kupumulia tenki la mafuta wala mkondo mmoja na ekzosi. Na usichukue hewa ya kupumua kutoka chumba cha injini, hata kama ni rahisi na hata kama jamaa yako kafanya hivyo.

Kipande kile cha plastiki kinasumbua kwenye kubandika, gundi nyingi zinakidharau. Kikwangue kwa msasa mzito mpaka kipoteze mng'ao, safisha, halafu tumia silanti ileile ya tenki za mafuta, ile nyeusi inayonuka, Proseal. Inachelewa kukauka na inachafua kila kitu mpaka nyusi, lakini haibanduki kwa mtetemo.

Mlango wa hewa unaotokeza nje kama kikombe unaleta hewa nyingi zaidi hata kwenye spidi ndogo, ila unavuta mvua, wadudu, na unaongeza ukinzani. Kwenye RV ya noti 160 ukinzani unauma. Kwenye Zenith CH 750 inayotembea pole pole hutausikia, na ndege za namna ile wengi wanatumia vile vifuniko vya plastiki angavu vya duara vinavyobanwa kwenye tundu la kioo cha mlango, unavizungusha vikakinga upepo au vikageukia nyuma vikanyonya hewa ya ndani. Bei ndogo, uzito kama hakuna, na kwa ndege ya bawa juu sioni sababu ya kuhangaika na kitu kingine. Waliojifunzia Cessna 172 wanazijua zile bomba mbili za pembe za juu za kioo unazozivuta kwa mkono, hewa yake inatoka ukingo wa mbele wa bawa, hiyo nayo ni dizaini nzuri sana kwa wa bawa juu, shida yake ni moja tu, bomba likilegea linavuja na huna namna ya kulifunga kabisa.

Hatua ya 4: bomba

Yale mabomba ya rangi ya machungwa yenye waya wa kuzunguka yanaitwa SCAT, ni kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa silikoni, yanavumilia zaidi ya nyuzi 200, kwa hiyo ndo yanatumika hata upande wa hita. Yapo meusi ya neoprini, CAT, bei nafuu na yanavumilia joto dogo zaidi, kwa hewa baridi yanatosha kabisa. Ukiona herufi mbili za E katikati, SCEET, hiyo ina tabaka mbili, ndani ni laini zaidi na hewa inapita vizuri, ila ni nzito na ngumu kukunja.

Ukubwa ndo wa kuangalia. Bomba la inchi 2 lina uwazi wa kama sentimita za mraba 20, la inchi 1.5 lina 11 na kidogo. Yaani ukishuka nusu inchi umepoteza karibu nusu ya njia. Watu wanashuka kwa sababu nyuma ya dashibodi pamebanana, mimi nasema bora usogeze redio. Hewa ikitembea mita 10 kwa sekunde ndani ya bomba la inchi 2 unapata kama lita 20 kila sekunde, mbili hizo zinatosha watu wawili kwenye joto la pwani.

Kona ziwe za taratibu na chache. Bomba likivutwa likanyooka ndani panakuwa laini, likiachwa limejikunyata mikunjo yake inakula presha, kwa hiyo kata urefu kamili, usiache ziada. Lipite mbali na pedali na fimbo za usukani, kanyaga pedali mpaka mwisho kila upande huku mwenzako anamulika tochi. Sehemu yake ya chini kabisa toboa kitundu kidogo cha kutolea maji, kwa sababu mvua itaingia tu, hasa masika, na maji hayo bila pa kutokea yatasubiri mpaka uinue pua wakati wa kuruka yaje yote kwenye magoti yako, au mabaya zaidi juu ya redio. Njia ya bomba isipite juu ya kifaa chochote cha umeme.

Hatua ya 5: haya sasa, venti yenyewe

Kuna za plastiki na kuna za alumini. Za plastiki zinazokuja na seti zinadharauliwa bure, ni nyepesi, hazipati moto wa kuunguza vidole ndege ikiwa imeanikwa juani, na ikivunjika unanunua nyingine bila kuumia. Ubaya wake ni kwamba nyingi zikishazeeka zinalegea, unaielekeza usoni, dakika mbili imejigeukia yenyewe inapuliza dirisha, na hazifungi vizuri. Za alumini zinakaa pale ulipoziacha na zinafunga, ila uzito ni wa kweli. Pima kwa mizani ya jikoni, zidisha mara nne kama unataka nne, halafu kumbuka uzito huo ulivyoulilia ulipokuwa unachagua betri.

Ukiwa na venti mkononi dukani au imefika kwa posta, fanya hivi kabla ya kuikubali: ifunge, weka mdomo nyuma yake pale bomba linapovaliwa, puliza kwa nguvu. Ikipitisha hewa ya mapafu yako itapitisha mara nyingi zaidi ukiwa futi 9,500 na nje nyuzi 12. Nyingi zinazofungwa kwa kuzungusha tufe mpaka tundu lifichike zinashindwa huo mtihani. Zenye kibati ndani kinachokaa juu ya mpira zinafaulu. Nikilazimika kuchagua kati ya venti nzuri inayovuja na venti mbaya inayofunga, sihitaji kufikiria.

Kama umeshanunua inayovuja na huna hela ya nyingine, funga kibati cha kuzuia hewa kwenye bomba kabla ya venti, cha kuvuta kwa kebo. Ndege za viti vinne kama RV-10, ambapo hewa ya nyuma inatoka mbali kwenye matundu ya mkia, watu wengi wanaishia huko.

Angalia kina chake nyuma ya dashibodi. Sio kina cha venti peke yake, ongeza shingo ya bomba, klampu, na mkunjo wa kwanza wa bomba, hapo unazungumzia sentimita nyingi, na kwenye kanopi ya kuinuka mbele kuna mitambo ya bawaba inapita humohumo. Kata duara la boksi, lipachike, unganisha kipande cha bomba, inua na ushushe kanopi. Boksi halina gharama.

Mahali: pembe za mwisho za dashibodi, juu kiasi cha kupiga kifua na uso. Ukiweka chini sana unapoza magoti tu. Ukiweka katikati inapulizia ramani na tableti, na tableti yenyewe kwenye jua inazima kwa joto, kwa hiyo kuna wanaoiwekea venti yake maksudi. Sio ujinga huo, kama tableti ndo ramani yako ya pekee. Hakikisha pia mkono wa abiria unaifikia ya kwake, mtu anayetaka kutapika hataki kukuomba umgeuzie upepo.

Hatua ya 6: kutoboa na kufunga

Dashibodi ya alumini tumia msumeno wa duara kwenye drili ya kusimama, spidi ndogo, bati libanwe juu ya ubao, malizia na tupa mpaka venti iingie bila kulazimishwa. Usitoboe kwa kipimo cha katalogi, toboa kwa kipimo cha venti uliyonayo mkononi.

Kioo ndo chenye visa. Kanopi nyingi ni akriliki na akriliki inachukia ncha ya kawaida ya drili, inaivuta, inaingia kwa ghafla, krak, ufa. Tumia ncha za kutobolea plastiki, zilizochongoka zaidi, au ile drili ya ngazi, na fanya kazi pakiwa na joto, hilo huku kwetu halina shida. Kingo zote za tundu zisuguliwe mpaka ziwe laini kabisa kwa sababu ufa unaanzia kwenye mkwaruzo. Usiache gundi ya kufungia skrubu, kama Loctite, iguse kioo, akriliki na polikabonati zote zinapasuka vinyufa kwa hiyo kitu, hata siku kadhaa baadaye.

Bomba kwenye shingo ya venti libanwe kwa klampu ya chuma au kebo tai pana, na ile ncha ya waya wa ndani ikunje irudi ndani isije ikakata kitu. Kama unabadilisha chochote kilichoko kwenye mchoro wa seti, muulize mwenye seti na mkaguzi wako kabla ya kukata. Bati likishakatwa halirudi.

Hatua ya 7: jaribu ukiwa chini

Azima blowa ile ya kupulizia majani au vumbi. Ipitishe kwenye upenyo wa kanopi, ziba pembeni kwa sponji na tepu, washa kwa nguvu ya wastani, halafu mwenzako azunguke nje na maji ya sabuni kwenye brashi akipaka kila kiungo, ukuta wa injini kwa upande wa injini, mizizi ya mabawa, ukuta wa nyuma. Povu linapochemka pana upenyo. Ukiwa peke yako washa udi au ubani ndani na uangalie moshi unatokea wapi, mbali na mafuta bila shaka, tenki tupu haimaanishi hakuna mvuke wa petroli, kwa hiyo kama tenki zimeshawahi kutiwa mafuta achana na udi kabisa rudi kwenye sabuni.

Hatua ya 8: jaribu ukiwa hewani

Kata vipande vifupi vya uzi wa sufu, gundisha kwa tepu nyuma ya viti, kwenye ukuta wa mizigo, pembeni pale fimbo za aileroni zinapopita, na kwenye ukingo wa nyuma wa kanopi. Mwenzako ashike simu arekodi. Angalia nyuzi zikiwa kwenye kupanda, kwenye mwendo wa kawaida, flapu zikiwa chini, na ukiruka kwa ubavu kushoto na kulia, kila mara venti zikiwa wazi na zikiwa zimefungwa. Uzi wa nyuma ukilala kuelekea mbele kuna hewa inatoka mkiani, rudi hatua ya 2. Namba za kipimo cha kaboni monoksaidi ziandikwe kwa kila hali, na hasa ile hali ya venti zimefungwa hita imefunguliwa, maana hewa ya hita inapita ikizunguka bomba la ekzosi na ufa mdogo pale unakuletea gesi moja kwa moja. Namba ikiruka: hita zima, venti fungua zote, tua.

Sauti nayo. Ikipiga mluzi kwenye spidi fulani tu, mara nyingi ni ukingo wa bati pale tundu la NACA linapokutana na kile kipande cha plastiki, pana ngazi ndogo. Jaza, sugua. Ikiguruma muda wote ni bomba limejikunyata.

Halafu nyigu. Wale wa kujenga kwa udongo wanapenda tundu la inchi 2 kuliko kitu chochote, na wakimaliza na venti wanahamia kwenye bomba la kupimia spidi. Ndege ikilala hata usiku mmoja nje weka plagi za sponji kwenye matundu yote, na kila plagi iwe na utepe mwekundu. Za venti ziunganishe kwa kamba moja ndefu inayopita mbele ya kioo cha rubani, ili hata ukizisahau wakati wa kukagua ukikaa tu kwenye kiti unaiona kamba imekatiza mbele ya macho kabla hujashika ufunguo.